Waacheni wachezaji wapumzike, lakini Jumatatu ya Pasaka irudi

Ijumaa Kuu ya Hull haina ukimya wa Ijumaa Kuu tuliyoizoea. Kwetu hiyo ni siku ya mfungo, ya Njia ya Msalaba juani, ya redio kupiga nyimbo za majonzi kutwa nzima. Katika mji huu wa bandari, mashariki mwa Uingereza, ni siku ya watani wa jadi. Kabla ya saa sita mchana mabasi yamejaa jezi, foleni za samaki na chipsi zimetoka milangoni hadi barabarani, na watoto wamepakwa rangi usoni. Mto Hull ndio unaougawa mji. Mashariki ni kwa Hull Kingston Rovers, nyekundu na nyeupe. Magharibi ni kwa Hull FC, nyeusi na nyeupe. Mtu akikuuliza siku hiyo unakaa upande gani wa mto, haulizi anwani yako.

Mimi nakaa mashariki na jezi yangu ni nyekundu. Aliyekulia katikati ya Simba na Yanga haelezwi mara mbili debi ni nini, kwa hiyo sikuhitaji mwalimu wa tambo wala wa kununiana kazini wiki nzima. Nilichohitaji kujifunza ni mchezo wenyewe.

Ni raga, lakini si ile ambayo Wakenya wanaijua kupitia timu yao ya Shujaa ya wachezaji saba, wala ile ya wachezaji 15 inayochezwa Nairobi na Kampala. Hii ni raga ya ligi, ya wachezaji 13 kila upande. Timu yenye mpira ina nafasi ya kukabwa mara sita, na baada ya hapo mpira ni wa wapinzani. Anayeangushwa husimama, huuweka mpira chini, huusukuma nyuma kwa kisigino, na kazi huanza upya. Kila mara walinzi hurudi nyuma mita 10, halafu hutoka mbio kwenda kukutana na mtu mwenye kilo zaidi ya 100 ambaye naye anawajia mbio. Trai ni pointi nne, na mkwaju unaofuata ukipita katikati ya nguzo ni pointi mbili. Mchezo ni dakika 80. Naomba msomaji azishike hizo mita 10, kwa sababu ugomvi wote wa Pasaka unaanzia hapo.

Kwa vizazi kadhaa Pasaka ya mchezo huu ilikuwa na mechi mbili kwa kila timu: moja Ijumaa Kuu, nyingine Jumatatu ya Pasaka. Ligi kuu, inayoitwa Super League, ilifanya hivyo kwa mara ya mwisho mwaka 2022, Aprili 15 na Aprili 18. Kuanzia 2023 raundi ya Jumatatu ikafutwa. Zikabaki debi za Ijumaa Kuu na siku zinazoizunguka, na kila timu ikabakiwa na mechi moja tu. Tangu hapo mashabiki tunabishana kwenye mabasi, kwenye foleni za vyoo vya uwanjani na kwenye meza za chakula cha Pasaka. Wapo wanaosema wachezaji wa siku hizi wamedekezwa. Wapo wanaosema ilichelewa kufutwa.

Msimamo wangu ni kwamba mchezaji wa raga ya ligi hapaswi kushuka uwanjani mara mbili ndani ya siku nne, sikukuu au si sikukuu. Kwangu mjadala huo umekwisha. Ila kumpumzisha mchezaji hakukudai kumnyima shabiki Jumatatu yake. Hayo ni mambo mawili, na wapanga ratiba waliyatupa yote kwenye kapu moja.

Kwanza tuelewe kwa nini sikukuu na raga hii haviachani. Kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19 kulikuwa ni nchi ya migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya nguo na bandari. Mfanyakazi alikuwa na siku chache mno za kupumua. Ijumaa Kuu na Krismasi zilikuwa siku za kutofanya kazi kwa desturi. Sheria ya mwaka 1871, iliyopelekwa bungeni na John Lubbock, ikaongeza nyingine, Jumatatu ya Pasaka ikiwa mojawapo. Sheria ile iliwalenga watu wa benki, lakini wenye viwanda na maduka nao wakafunga milango. Ghafla maelfu ya watu walikuwa na mchana mzima bila king'ora cha kiwanda na senti kidogo mfukoni. Vilabu vikajua la kufanya. Kwa hiyo anayedhani mechi ya Ijumaa Kuu ilianza kwa kudharau dini aangalie kalenda ya mchimba makaa: alipewa siku, akaenda kanisani asubuhi, mchana akaenda uwanjani.

Mechi zenyewe zilikuwa na tatizo la mkate. Mchimba migodi aliyeitwa kucheza siku ya kazi alipoteza ujira wa siku hiyo. Mwaka 1893, kwenye mkutano mkuu wa chama cha raga jijini London, wajumbe wa Yorkshire walipendekeza mchezaji wa namna hiyo alipwe fidia. Kura 282 zilikataa, 136 zilikubali. Waliokataa wengi wao walikuwa watu wenye nafasi, waliocheza kwa starehe na kuona aibu kuchanganya mchezo na pesa. Miaka miwili baadaye, Agosti 29, 1895, wawakilishi wa vilabu vya kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitoa. Wakakubaliana mchezaji alipwe hadi shilingi sita kwa siku ya kazi aliyoikosa. Vilabu 22 vikaanza msimu wa kwanza. Sheria za mchezo zikaja kubadilika baadaye, na mwaka 1906 wachezaji wakapunguzwa kutoka 15 hadi 13.

Natamani kila anayelalamika kwamba wachezaji wa leo wamedekezwa asome upya habari ya Huddersfield. Mchezo huu haukujitenga kwa sababu ya kanuni za uwanjani. Ulijitenga kwa sababu watu fulani walikataa kuutumia mwili wa mfanyakazi bure. Leo mfanyakazi ni mchezaji mwenyewe. Ni kijana wa miaka 23 mwenye mkataba wa muda mfupi katika ligi ambayo bajeti ya mishahara ya klabu nzima kwa mwaka imewekewa kikomo cha takriban pauni milioni 2.1, fedha ambazo nyota wa soka wa Manchester anazipata peke yake kwa wiki chache. Kama kuna mchezo duniani unaopaswa kuwa wa kwanza kuuliza mtu huyu anapumzika lini, ni huu.

Kabla ya 1996 raga ya ligi ilichezwa majira ya baridi, na sikukuu za Desemba nazo zilikuwa na vipute vyake. Desemba 27, 1992, St Helens waliwachapa Wigan 41–6, na wazee wa St Helens huisimulia kama ya juzi. Ligi ilipohamishiwa majira ya joto, Desemba ikabakiwa na mechi za kirafiki, ikiwemo ile ya Leeds na Wakefield uwanjani Headingley siku inayofuata Krismasi. Hiyo watu huenda zaidi kunyoosha miguu baada ya chakula. Uzito wote wa sikukuu ukaiangukia Pasaka.

Na Pasaka ikaubeba. St Helens, mji wa viwanda vya vioo, na Wigan, mji wa makaa na pamba, viko jirani kiasi kwamba watu wa pande mbili wanafanya kazi pamoja na kuoana. Ijumaa Kuu ikifika ndoa hizo hupitia mtihani. Hapa Hull hali ni hiyo hiyo ndani ya mji mmoja. Nimewahi kukaa kwenye meza ambayo baba alikuwa mweusi na mweupe, mama mwekundu, na mtoto wa miaka tisa anabembelezwa na pande zote mbili kwa mayai ya chokoleti.

Chakula nacho kina nafasi yake. Ijumaa Kuu Waingereza wengi bado hula samaki, na Hull ulikuwa mji wa meli za uvuvi zilizokwenda hadi maji ya Iceland, kwa hiyo samaki hapa si jambo la mzaha. Mimi hupenda kile wanachokiita patty: viazi vilivyopondwa na kutiwa majani ya seji, vikafinyangwa duara, vikachovywa kwenye unga wa maji na kukaangwa. Ukikila ukiwa umefumba macho unaweza kuapa ni kachori ya Forodhani iliyosahau pilipili. Juu yake hunyunyizwa viungo vyekundu vya chipsi, na mtu wa Hull akihamia London humtumia ndugu yake ujumbe amletee kopo.

Sasa turudi kwenye Jumatatu, na kwenye Pasaka moja inayoeleza kila kitu kuliko hotuba yoyote: ile ya mwaka 2004.

Ijumaa Kuu hiyo, Aprili 9, St Helens waliwakaribisha Wigan kwenye uwanja wao wa zamani wa Knowsley Road. Ilikuwa mechi ya kufa na kupona. Ngumi zilirushwa, wachezaji wa pande zote wakakimbilia katikati ya ugomvi, na kipyenga cha mwisho kilipolia ubao ulisoma 21–21. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona debi ya moto vile. Siku tatu baadaye, watu wale wale waliovunjana mbavu walitakiwa kuwa Bradford kucheza na mojawapo ya timu kali zaidi za wakati huo. Kocha wa St Helens, Ian Millward, akafanya ambalo makocha wengi waliokuwa na hesabu zao wangelifanya. Aliwapumzisha nyota wake wengi na kupeleka kikosi cha vijana. Bradford wakashinda 54–8.

Baadaye ikagundulika kwamba wachezaji wawili wa St Helens, Sean Long na Martin Gleeson, walikuwa wamebeti Bradford washinde. Walijua kikosi kabla umma haujajua. Walikuwa wameweka mkeka dhidi ya timu yao wenyewe. Gleeson akafungiwa miezi minne, Long mitatu, na kila mmoja akapigwa faini ya pauni 7,500. Katikati ya sakata hilo, mwezi Mei, Long huyo huyo alikuwa mchezaji bora wa fainali ya Kombe la Challenge, St Helens walipowafunga Wigan 32–16 mjini Cardiff.

Kosa lilikuwa la wale wawili, na adhabu waliistahili. Lakini angalia jinsi lilivyowezekana. Walihitaji kujua jambo moja tu, kwamba mechi ya Jumatatu imeshatolewa sadaka. Wala haikuwa siri kubwa. Kila msimu makocha walikaa na ratiba ya Pasaka wakachagua mechi ya kupigania na mechi ya kuiachia. Mara nyingi Ijumaa ilipiganiwa kwa sababu ni debi na hakuna kocha anayetaka kutukanwa sokoni mwaka mzima. Jumatatu ikaachwa. Shabiki aliyelipa kiingilio kamili akaletewa vijana wa miaka 18 ambao majina yao hayakuwa hata kwenye kijitabu cha mechi. Wapo vijana waliong'ara siku hiyo na kupata maisha, na hilo ni zuri. Ila ligi inayouza tiketi ya kikosi cha kwanza na kukuonyesha kikosi cha pili inakula imani ya watu wake.

Na kwa nini makocha walifanya hivyo? Tunarudi kwenye mita 10. Fowadi wa katikati anaweza kukaba mara 40 katika mechi moja, mbali na mara ambazo yeye mwenyewe amebeba mpira na kuangushwa na watu watatu. Yeyote aliyewahi kulima shamba baada ya muda mrefu anajua kwamba maumivu makali ya misuli hayaji siku ile ile. Yanapanda kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hesabu kutoka Ijumaa Kuu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Ratiba ya zamani iliwaita watu uwanjani katika saa zile zile ambazo mwili unauma kuliko saa zote. Jumamosi walishinda kwenye mabwawa ya maji baridi, Jumapili wakafanya mazoezi ya kutembea tu, Jumatatu wakafungwa bandeji na kusukumwa uwanjani. Timu ya Catalans, ya Perpignan kusini mwa Ufaransa, iliyoingia ligi kuu mwaka 2006, ilibidi iongeze na safari ya ndege juu ya hayo.

Kuna hadithi ambayo mashabiki wa Rovers tunaipenda kuliko zote. Mei 3, 1980, timu mbili za Hull zilikutana fainali ya Kombe la Challenge uwanjani Wembley. Mji ulihamia London. Kwenye barabara ya kutokea mjini mtu alitundika bango akimwomba wa mwisho kuondoka azime taa. Nahodha wetu, Roger Millward, alivunjika taya dakika za mwanzo baada ya kupigwa akiwa hana mpira. Akacheza hadi mwisho, tukashinda 10–5, akapanda ngazi kupokea kombe akiwa na taya lililovunjika. Nikisikia hadithi hiyo husisimka kila mara. Lakini Millward alikuja kuvunjika tena taya na maisha yake ya uwanjani yakaishia hapo. Namheshimu mno mtu yule, na kwa heshima hiyo hiyo sitaki kijana yeyote wa leo aambiwe kwamba huo ndio mshahara wa kupendwa.

Zaidi ya taya kuna ubongo. Mwaka 2021 Bobbie Goulding, aliyekuwa nahodha wa St Helens walipotwaa Kombe la Challenge mwaka 1996, alitangaza kwamba amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alikuwa na miaka 49. Wachezaji wengine wa zamani wa raga ya ligi wameungana katika madai ya kisheria kwamba hawakulindwa dhidi ya mitikisiko ya kichwa. Mahakama zitasema zitakalosema. Mimi shabiki niliyepiga makofi kila waliponyanyuka wakiyumba naona nina deni kwao, na sehemu ndogo ya kulilipa ni kukubali kwamba raha yangu ya mechi mbili kwa wikiendi moja haiwezi kuwa hoja.

Hata raha yenyewe, ukiipima vizuri, haikupungua pale ambapo tulidhani itapungua. Pasaka ya kwanza bila mechi ya Jumatatu ilikuwa 2023. Ijumaa Kuu ya Aprili 7 Rovers tulikwenda magharibi mwa mto tukawafunga Hull FC 40–0 kwenye uwanja wao. Zamani watani wetu wangeingia uwanjani siku tatu baadaye, wakashinda mechi moja mahali, na aibu ingepata pa kujificha. Safari hii hakukuwa na Jumatatu ya kuwaokoa. Matokeo yale yalikaa mezani wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni. Kijana wa dukani ambaye ni shabiki wao alinihesabia chenji bila kuniangalia usoni. Nilimwonea huruma, nikanunua na maziwa ambayo sikuyahitaji.

Na mwaka 2025 Rovers tulimaliza ukame wa makombe makubwa wa miaka 40. Juni 7, kwenye fainali ya Kombe la Challenge uwanjani Wembley, tulikuwa nyuma hadi dakika za mwisho, tukafunga trai, na mkwaju wa Mikey Lewis ukatupa ushindi wa 8–6 dhidi ya Warrington. Oktoba tukawa mabingwa wa ligi kwa kuwafunga Wigan katika fainali kuu. Msimu unaoanza Februari na kuisha Oktoba hauvumiliwi na kikosi kilichovunjwa Aprili. Sisi tuliofaidika na miguu iliyobaki mizima tusiwe wa kwanza kuililia ratiba iliyoivunja.

Lakini sasa niitetee Jumatatu, kwa sababu nayo ilikuwa na utu wake.

Debi ya Ijumaa Kuu ni ya wenyewe. Tiketi huisha mapema, hasira iko juu, polisi wamejipanga njiani, na mzazi hufikiri mara mbili kabla ya kumbeba mtoto mdogo. Jumatatu ilikuwa tofauti. Mpinzani alikuwa Castleford au Huddersfield au Salford, mtu ambaye huna ugomvi naye wa damu. Nafasi zilikuwepo. Babu alikuja na wajukuu waliotoka mbali kwa likizo ya Pasaka. Watu walizungumza na wageni waliokaa jirani. Ndiyo iliyokuwa siku ya kumleta mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo.

Hull ni mmoja wa miji ya Uingereza iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo chini ya mpango maalumu wa serikali miaka ya 2000, na mpaka leo ukitembea baadhi ya mitaa unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu na Uvira. Familia moja ya huko ndiyo niliyoipeleka Craven Park, uwanja wetu wa Rovers, kwa mara ya kwanza, na niliipeleka Jumatatu ya Pasaka kwa sababu Ijumaa isingewezekana. Baba wa familia alikuwa ameshinda ibadani Ijumaa yote na asingekubali kusikia habari ya mpira. Jumatatu alikuja na watoto wote. Nusu ya kwanza aliitazama kama mtu anayetazama ajali. Nusu ya pili alianza kuuliza kwa nini refa amepuliza, na hapo nikajua mchezo umempata. Aliniuliza pia, kwa Kiswahili chake kitamu, kama hawa vijana kweli ndio waliocheza Ijumaa. Nilipomwambia ndiyo, alitikisa kichwa na kusema huko kwao hata ng'ombe wa kukokota jembe hupumzishwa.

Njiani kurudi nilimwonyesha barabara kuu inayoingia mjini kutoka upande wa daraja la Humber. Inaitwa Clive Sullivan Way. Sullivan alikuwa winga mweusi, mzaliwa wa Cardiff, aliyecheza pande zote mbili za mto na kupendwa kote. Aliifungia Hull FC trai 250, kisha akaifungia Rovers 118. Mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia mjini Lyon, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu kubwa ya taifa ya nchi hiyo. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 42. Mtoto mkubwa wa familia ile alilitamka jina hilo mara kadhaa taratibu, kama anayelijaribu. Mtoto huyo leo hukosa debi chache sana.

Familia kama hiyo itaingia wapi leo? Pasaka ikiwa na mechi moja tu kwa kila timu, tena ya watani, na nusu ya timu zikiwa ugenini, mji mzima unaweza kupitisha sikukuu bila lango la uwanja wake kufunguliwa. Zamani kila klabu ilikuwa na uhakika wa mechi moja nyumbani kila Pasaka. Kwa klabu yenye takriban mechi 13 za nyumbani za ligi kwa mwaka, siku moja ya sikukuu yenye familia majukwaani ni fedha za kweli, na ni watoto ambao kesho watanunua jezi.

Waaustralia wamelitatua hili muda mrefu. Ligi yao ni ngumu kuliko ya huku, na Pasaka yao inaanza Alhamisi na kuisha Jumatatu. Kila siku kuna kipute. Ijumaa Kuu South Sydney hukutana na Canterbury, na Jumatatu ya Pasaka Parramatta huumana na Wests Tigers. Mashabiki wanapata siku tano za raga. Ila kila timu inacheza mara moja tu. Anayecheza Jumatatu hupangiwa mechi zake za kabla na baada kwa nafasi, na mtu hashushwi uwanjani akiwa bado anachechemea.

Super League inaweza kufanya hivyo Pasaka ijayo ikitaka. Debi ya Hull na ile ya St Helens na Wigan zibaki Ijumaa Kuu, maana hizo zikiguswa mji utasimama. Zichukuliwe mechi mbili ambazo si za watani, moja Yorkshire na moja Lancashire, zipelekwe Jumatatu mchana. Timu hizo nne zisicheze Ijumaa, na mechi yao inayofuata iwe Jumapili ili wapate siku za kutosha kupona. Timu zipokezane mwaka hadi mwaka. Ratiba itoke mapema ili mtu wa zamu hospitalini au bandarini aombe ruhusa, kwa sababu wafanyakazi wa mji huu bado wanaishi kwa ratiba za wengine. Na mtoto wa chini ya miaka 12 aingie bure akiwa na mzazi.

Jumatatu hiyo ikirudi, hata kama Rovers wameshacheza Ijumaa na mechi ya Yorkshire iko mji mwingine, hata mgeni akiwa Catalans kutoka Perpignan, mimi na familia ya Uvira tutachukua viti nyuma ya nguzo mapema, kabla foleni ya chipsi haijawa ndefu.